Chekeche la Barua Pepe

Neno "hongera" halina ubaya wowote. Kwenye kadi ya harusi linapendeza. Ila likitangulia katika barua pepe ya mtu usiyemjua, unasita: hongera ya nini, na bahati nasibu sikucheza? Kusita huko ndiko kompyuta ilikofundishwa, kwa hesabu.

Adha hii ni ya zamani. Mei 3, 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, Marekani, alituma tangazo moja la biashara kwa watu wapatao 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET. Wengi walikasirika. Barua taka zilipokuja kufurika, kinga ya kwanza ilikuwa amri: barua yenye neno fulani itupwe. Watumaji wakabadili neno, na amri ikabaki inalinda mlango usiopitwa na mtu.

Agosti 2002, mwanaprogramu Paul Graham alieleza njia nyingine, ambayo watafiti walikuwa wameshaanza kuijaribu. Msingi wake ni hesabu ya uwezekano ya Thomas Bayes, mchungaji Mwingereza aliyefariki mwaka 1761. Graham aliipa kompyuta mafungu mawili, barua alizozitaka na taka, akaiacha ihesabu maneno yenyewe. Ikamwonyesha jambo ambalo asingelibuni: "ff0000", msimbo wa rangi nyekundu inayowaka, uliumbua barua taka sawasawa na neno lolote la ngono.

Tuhesabu na sisi. Tuseme una barua taka 100 na nzuri 100. "Hongera" limo katika taka 40 na katika nzuri 2 tu. Barua mpya ikija nalo, uwezekano wa kuwa taka ni 40 kati ya 42, asilimia 95. Lakini barua hiyohiyo ina neno "shangazi", ambalo kwako limo katika taka 1 na nzuri 19. Changanya yote mawili, mizani inarudi karibu na katikati, asilimia 51. Likiongezeka "kikao", la kamati ya harusi, barua imeokoka.

Hapa ndipo ninapoipendea njia hii. Chekeche la namna hiyo halihitaji kujua sarufi ya Kiswahili. Linahitaji barua zako, na mtumaji wa taka hawezi kukisia kwamba kwenu "shangazi" na "kikao" ni maneno ya amani. Siku hizi huduma kubwa huongeza vipimo vingine, kama uhalali wa anwani ya mtumaji na malalamiko ya watumiaji.

Hata hivyo chekeche hukosea, na makosa hayalingani. Taka ikipenya, unaudhika kidogo. Barua njema ikizuiwa, unaweza kupoteza riziki. Graham alilijua hilo: kila neno lililotoka katika barua nzuri alilihesabu mara mbili. Mimi nimelijua kwa uchungu. Barua ya kuniita kwenye usaili ililala kwenye folda ya taka siku tisa, na nilipoifungua usaili ulikuwa umepita.

Basi ndugu msomaji, pitia folda hiyo walau mara moja kwa wiki. Ukikuta barua njema, usiisome tu ukaiacha humo; iambie programu kwamba si taka, kwa sababu ndivyo inavyojifunza. Na usichelewe: Gmail hufuta yaliyomo humo baada ya siku 30.