Kiprono, Rono, arap Rono

Jina la mvulana wa Kikalenjin huzaliwa na kifupi chake ndani. Kiambishi Kip-, au Ki- katika baadhi ya majina, hutangaza kwamba mtoto ni wa kiume. Kinachofuata hueleza saa, mahali au hali ya kuzaliwa. Kiprono alizaliwa jioni mbuzi wakirudi zizini, Kipkoech kulipokucha, Kibet mchana, Kiprop mvua ikinyesha, Kiptoo nyumbani kulipokuwa na wageni. Kipchirchir alikuja kwa haraka. Dada zao ni Cherono, Chebet na Jerop.

Kipchoge Keino, bingwa wa mita 1500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alijulikana ughaibuni kama Kip Keino. Huko kifupi hicho kilitosha. Eldoret, kwa Wakalenjin wenyewe, hakifai kitu: mwite Kip uwanjani mwa shule yoyote, na wavulana chungu nzima watageuka. Ndiyo maana wenyeji hukata jina mwanzoni, wakabaki na Rono, Koech, Bett, Rop, Too.

Lakini mkato huo una kazi nyingine, nzito zaidi. Kwa desturi, kijana aliyetoka jandoni aliitwa kwa jina la baba yake, likitanguliwa na arap, yaani “mwana wa”. Mwana wa Kiprono akawa arap Rono. Siku hizi familia nyingi zimeliacha neno arap na kulifanya Rono jina la ukoo kwenye vyeti. Kwa hiyo anayechagua jina humchagulia mtoto kifupi chake na, huenda, jina la wajukuu pia. Familia ya akina Koech ikimwita mwana Kipkoech, mtoto ataandikwa Kipkoech Koech, na kifupi hakitamtofautisha na baba wala babu. Ni heri atafutiwe tukio jingine la siku ile. Kila uzazi una zaidi ya moja.

Tukio hilo liwe la kweli. Tangu Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna, Oktoba 2019, kishawishi cha kuazima jina lake ni kikubwa. Ila Kipchoge ni jina la aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka, na uzuri wake wote umo humo. Aliyezaliwa hospitalini ana jina lake halali: Kipchumba, kutokana na neno la Kikalenjin la kuwaita Wazungu, walioleta hospitali hizo.

Hapo sikio la Kiswahili lina neno. Eldoret ni mji wa makabila mengi, na Kipchumba akikatwa huwa Chumba. Watoto wenzake hawatakosa kumuuliza mlango uko wapi. Mzaha huo hupita. Dickson Chumba alishinda marathoni ya Tokyo mwaka 2014, akarudia 2018, na jina likatangazwa kama lilivyo.