Nanasi la Kutokosa na Aiskrimu ya Nyumbani Kando ya Tanganyika

Nanasi lisilopitishwa motoni halipatani na maziwa, kwa kuwa ndani yake mna bromelaini, kimeng'enya kinachokatakata protini za maziwa hata yakashikana mabonge na kuwa machungu. Kimeng'enya hicho huharibika kikikaa dakika kadhaa katika joto linalozidi nyuzi 70 za Selsiasi. Kwa hiyo mjini Uvira, ambako nanasi hupatikana sokoni na wafugaji wa nyanda za juu za Bijombo hukama maziwa, kulipika tunda hilo kabla ya kulikutanisha na aiskrimu si madoido ya hotelini bali ni sharti la mapishi yenyewe.

Upishi unaofaa ni kutokosa kwa moto mdogo, yaani kuviweka vipande vya nanasi ndani ya shira nyepesi inayotoa mapovu machache tu, bila kuiacha ichemke kwa nguvu na kuvivuruga. Uvira, ikiwa kando ya ziwa lililo takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 97, na makaa ya mbabula yaliyokwisha kufunikwa na majivu hutosha kabisa kwa dakika 15. Mapishi ya Ulaya ya namna hii, yaliyopata sifa kwa pichi na aiskrimu ambazo Auguste Escoffier alimwandalia mwimbaji Nellie Melba mjini London katika miaka ya 1890, hupenda shira nzito. Nanasi lililoiva lina utamu wake, na gramu 150 za sukari kwa lita moja ya maji, pamoja na mchaichai na kipande cha tangawizi, zinaliridhisha. Kuiondoa sukari yote ni kosa, kwa maana maji matupu huufyonza utamu wa tunda na kuliacha chapwa. Vipande viachwe vipoe ndani ya shira ileile.

Aiskrimu huhitaji lita moja ya maziwa, viini vinne vya mayai, gramu 150 za sukari na vijiko vitatu vya maziwa ya unga, ambayo huchukua nafasi ya krimu nzito, kwani yabisi yake hushika maji na kuyazuia yasigande chengachenga. Maziwa huchemshwa kwanza, yakapoa kidogo, ndipo yachanganywe na vilivyobaki na kupashwa polepole hadi yashike mgongo wa mwiko, karibu nyuzi 80. Yakizidi sana hapo, mayai hukatika. Hapa sukari isipunguzwe ovyo, kwa sababu ndiyo inayoifanya aiskrimu ibaki laini. Anayetaka wepesi autafute kwenye shira.

Pasipo umeme wa kutegemewa, chumvi hufanya kazi ya friji. Barafu peke yake huyeyuka kwenye nyuzi sifuri, ubaridi usiotosha kugandisha maziwa yenye sukari. Lakini sehemu tatu za barafu iliyopondwa zikichanganywa na sehemu moja ya chumvi, barafu hulazimika kuyeyuka ikiwa chini ya sifuri na hufyonza joto la kila kilicho karibu nayo, hata ubaridi ukakaribia nyuzi 20 chini ya sifuri. Chombo cha bati chenye mchanganyiko uliokwisha kupoa hufunikwa, huzikwa ndani ya ndoo ya barafu hiyo, na hufunuliwa kila dakika chache ili kukoroga na kukwangua kilichoganda pembeni.

Jambo moja halina mzaha. Uvira ni mji ambao kipindupindu huurudia mara kwa mara, na kugandisha maji si kuyasafisha, hivyo barafu ya ndoo, iwe ya maji ya ziwa au ya mto Kalimabenge, ihesabiwe kuwa chafu. Mfuniko upanguswe kwa kitambaa safi kabla ya kufunuliwa, mikono ioshwe kwa sabuni, barafu hiyo isitiwe katika kinywaji cha mtu yeyote, na aiskrimu iliyokwisha kuyeyuka isigandishwe tena.