Fahamu: Kujikinga na Walaghai Uagizapo Mali China
Tajiri wa Kariakoo aagizaye mali Guangzhou kwa intaneti aghalabu hutakiwa kutanguliza asilimia 30 ya thamani, na baki ailipe kabla ya shehena kusafirishwa. Na hapo ndipo laghai hupenyeza hila yake, akimrai alipe nje ya mtandao wa biashara wenye kumdhamini mnunuzi, au akimletea ghafula kwa barua pepe akaunti mpya ya benki yenye jina la mtu binafsi badala ya kampuni.

Basi, kabla ya kutuma hata senti, dai nambari ya usajili wa kampuni, ambayo huko China ina tarakimu na herufi 18, uihakiki katika daftari la serikali lililo wazi kwa umma. Agiza sampuli kwanza. Na akaunti ikibadilika, mpigie muuzaji kwa nambari ya simu uliyoijua tangu awali, wala usiiamini iliyoandikwa katika barua pepe iliyoleta akaunti hiyo mpya.