HEWA ILIYOJIFICHA MAJINI: KUTOKA BAHARI YA HINDI HADI ZIWA NAKURU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Bila shaka umewahi kufungua chupa ya soda ukasikia "fshhh!" Hewa inayotoroka hapo inaitwa kabonidayoksaidi, na ndiyo hiyo hiyo tunayoitoa puani na inayotoka katika moshi wa matatu pale stendi. Kabla ya kufungua chupa hukuiona. Ilikuwa imejificha ndani ya maji, kimya kama paka anayevizia panya. Sasa swali ni hili: hewa iliyojificha hivyo mtu ataipimaje?

Usidhani swali hili ni la mchezo. Karibu robo ya kabonidayoksaidi yote ambayo binadamu tunaitoa kwa kuchoma mafuta na makaa ya mawe humezwa na bahari. Wataalamu wanataka kujua ni kiasi gani kimeingia na kinafanya nini huko. Na sisi wa Nakuru, ijapokuwa bahari iko mbali nasi mwendo wa siku nzima kwa basi, tuna ziwa ambalo uhai wake wote unategemea hewa hiyo hiyo. Kwanza, chemchemi za kando ya ziwa letu zinaitwa Baharini! Aliyezipa jina hilo nadhani alikuwa na akili nyingi.

Tuanze na kuelewa jambo moja. Kabonidayoksaidi haiyeyuki majini kama sukari kisha ikatulia. Ikiingia hubadilika. Sehemu ndogo hubaki kuwa hewa, sehemu nyingine hugeuka kuwa baikaboneti na nyingine kuwa kaboneti. Ni mtu yule yule mwenye kanzu tatu. Anaweza kuvua moja na kuvaa nyingine kila maji yanapobadilika, kwa hivyo ukipima kanzu moja tu umedanganyika.

Wataalamu wa bahari hupima mambo manne. La kwanza ni pH, yaani maji yana uasidi au ualkali wa kiasi gani. La pili ni uwezo wa maji kumeza asidi, ambao mimi nitauita nguvu ya magadi. La tatu ni jumla ya kanzu zote tatu. La nne ni msukumo wa ile hewa inayotaka kutoka. Uzuri ni kwamba huna haja ya kupima yote manne. Ukipata mawili, na ukijua joto la maji na chumvi yake, haya mawili mengine utayapata kwa hesabu. Lakini mawili lazima. Nitakuonyesha kwa nini, na tutatumia magadi ya sokoni.

Magadi unayajua. Ni yale mawe meupe-meupe ambayo mama hutia kwenye sufuria ili maharagwe na mboga za kienyeji vilainike upesi. Hutoka Ziwa Magadi, kusini kabisa mwa Bonde la Ufa letu, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka wa 1911. Kwa lugha ya kemia, jiwe la magadi ni kaboneti na baikaboneti ya sodiamu zikiwa zimekaa pamoja, moja kwa moja, kama bwana na bibi.

Muhula huu darasa letu lilifika kwenye somo la moli na kupima asidi kwa bureti, na mwalimu wetu wa kemia akakubali tutumie magadi badala ya ile dawa ya kawaida ya maabara. Tulisaga magadi, tukapima gramu 11, tukayayeyusha katika lita moja ya maji safi, tukachuja mchanga. Tukachukua mililita 25 na kutia matone mawili ya fenofthalini. Jamani, rangi iliyotokea! Waridi kali kama lesi ya harusi. Kisha tukaanza kudondosha asidi ya haidrokloriki ya 0.1 moli kwa lita, tone kwa tone, huku mmoja akitikisa chupa polepole. Kwenye mililita 11.6 waridi lilipotea. Hapo kaboneti yote ilikuwa imevua kanzu yake na kuvaa ya baikaboneti.

Tukatia methili orenji, maji yakawa ya njano, tukaendelea. Sasa ndipo povu lilipoanza kupanda. Povu hilo ndilo kabonidayoksaidi yenyewe, inatoka mafichoni! Rangi ilipogeuka kuelekea wekundu bureti ilisoma 34.9. Yaani hatua ya pili ilitumia mililita 23.3, karibu mara mbili ya hatua ya kwanza. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu katika hatua ya pili asidi ilipambana na baikaboneti mbili: ile iliyokuwamo tangu mwanzo, na ile iliyozaliwa na kaboneti. Bwana na bibi walikuwa sawa kwa idadi, kama nilivyosema.

Baadaye tukafanya jambo ambalo kwangu ndilo lililokuwa tamu zaidi. Tulichukua maji yale ya magadi tukayaongezea maji safi hadi yakawa mepesi mara kumi. Tukachovya karatasi ya kupimia pH katika maji mazito: buluu, karibu 10. Tukachovya katika maji mepesi: buluu ile ile! Ukiwa na karatasi pekee utaapa kwamba maji haya mawili ni pacha. Lakini tulipotumia bureti, maji mepesi yalimaliza kazi yote kwa mililita 3.5 tu za asidi. pH hufuata uwiano wa kaboneti na baikaboneti, na uwiano ule haukuvunjika kwa kuongeza maji. Kilichopungua ni wingi.

Baharini mambo ni kinyume. Hewa ya kabonidayoksaidi ikiingia baharini, nguvu ya magadi haibadiliki hata kidogo, bali pH hushuka. Tangu viwanda vianze kule Ulaya, pH ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka kama 8.2 hadi kama 8.1. Utasema, "Ah, nukta moja tu!" Ngoja kwanza. Kipimo cha pH hupanda na kushuka kwa makumi, kwa hivyo nukta hiyo ndogo ina maana kwamba uasidi umeongezeka kwa karibu asilimia 30. Nayo hewa inayoingia huila kaboneti na kuigeuza baikaboneti. Matumbawe ya Watamu na Shimoni, pamoja na chaza na konokono wa baharini, wanahitaji kaboneti hiyo kujengea nyumba zao. Wakiipata kwa shida, wanajenga kwa shida.

Sasa linganisha kazi ya wataalamu hao na yetu. Maji ya bahari yana nguvu ya magadi ya kama milimoli 2.3 kwa lita. Tungepima mililita 25 za maji ya Mombasa kwa asidi yetu ile, zingetosha mililita 0.6 hivi, yaani matone kumi na mawili basi. Ukikosea tone moja umekosea karibu sehemu moja ya kumi. Wataalamu wao hawataki kukosea hata sehemu moja ya elfu, maana pH ya bahari hushuka kwa kama 0.002 kwa mwaka na karatasi haiwezi kuona hilo. Ndiyo maana hutumia rangi ya zambarau na mashine inayopima mwanga unaopita katika maji. Chupa ya sampuli huijaza bila kuacha viputo, na huitia sumu kidogo ya zebaki ili vijidudu visiendelee kupumua humo ndani na kuharibu hesabu. Isitoshe, maabara za nchi mbalimbali hupata chupa za maji ya bahari yaliyokwisha kupimwa, kutoka taasisi ya Scripps huko California, ili kila mtu akague mizani yake kabla ya kusema neno. Ni kama jiwe la kilo moja la mkaguzi wa mizani sokoni.

Turudi nyumbani. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia, jua huyanyonya maji, madini yanabaki. Mawe ya volkeno ya huku yana sodiamu nyingi na kalsiamu chache. Kalsiamu hiyo chache huganda na kuzama kama chokaa, na kaboneti iliyobaki hukaa majini na sodiamu. Ndiyo sababu ziwa letu lina nguvu ya magadi makumi ya mara kuliko bahari. Mwani wa kijani-buluu wanaouita spirulina hupenda maji hayo, na heroe hula mwani huo. Hakuna magadi, hakuna heroe wengi.

Mnamo mwaka wa 2009 ziwa lilikuwa limekauka vibaya. Kuanzia mwaka uliofuata maji yalianza kupanda, na kufikia 2020 ziwa lilikuwa limepanuka kutoka kama kilomita 40 za mraba hadi 68. Maji yalimeza lango kuu la mbuga, yakaingia Mwariki na Barut. Mjomba wangu wa Mwariki alihama na kuku wake. Alipokuja kwetu aliniuliza, "Wewe msomi, hao ndege wamekwenda wapi, na maji ndiyo yameongezeka?" Nilimjibu, "Mjomba, maji yameongezeka lakini magadi ni yale yale." Ziwa likawa kama chai iliyoongezwa maji: ni nyingi, lakini haina ladha. Mwani ukapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Mtu aliyepima pH peke yake angeona tofauti ndogo tu na kudhani ziwa ni lile lile.

Niseme pia kwamba bureti haijui kila kitu. Maji taka ya mji huishia ziwani humo, na asidi yetu haiwezi kukuonyesha risasi wala zebaki iliyo ndani ya samaki. Hilo lina vipimo vyake.

Kipimo ambacho mimi ningetaka kukiona kila mwezi ni cha Bogoria na Baringo. Maziwa haya mawili nayo yalipanda, na mwaka wa 2020 watu waliogopa yataungana. Bogoria ni la magadi na liko juu zaidi kidogo. Baringo ni la maji baridi, na watu wa Kampi ya Samaki huvua humo. Maji ya Bogoria yakianza kuteremkia Baringo, pH itapanda mapema lakini haitasema ni magadi kiasi gani yameingia. Asidi katika bureti itasema, na kwa kazi hiyo vinatosha vyombo vya maabara ya shule ya kutwa kama yetu.