‘Wahofiwa kuuawa’: Je, wamekwisha kuuawa au bado?

JIONI moja shangazi yangu alinipigia simu, sauti ikimtetemeka. Mwanawe anafundisha katika eneo linalovamiwa mara kwa mara na wezi wa mifugo, na mjukuu alikuwa amemsomea kichwa cha habari kutoka gazetini: “Watu watano wahofiwa kuuawa.”

“Mwanangu, si wewe ndiwe msomi wa lugha? Hebu niambie, hawa watu wameshauawa ama wangali hai?”

Sikuwa na jibu. Bahati nzuri binamu yangu alipatikana kwa simu usiku huo, akiwa salama. Swali la mamake, hata hivyo, lilikataa kunitoka akilini.

Kwa maoni yangu, utata wa kichwa hicho unatokana na tafsiri. Kiingereza kina maumbo mawili ya kitenzi-jina katika kauli ya kutendwa. La kwanza ni “to be killed”. Umbo hili halisemi kwamba tendo limekamilika, na aghalabu huelekea mbele. La pili ni “to have been killed”, ambalo linabainisha kuwa tendo limekwisha kufanyika. Kwa hivyo, “They are to be killed” na “They are feared to have been killed” ni sentensi zenye habari tofauti kabisa. Katika ya kwanza bado pana nafasi ya kuwaokoa watu. Katika ya pili, inahofiwa kuwa nafasi hiyo imepita.

Kiswahili hakina maumbo hayo mawili. Sisi hukipa kitenzi kiambishi cha kutendwa, kisha tukatanguliza ‘ku-’: pika, kupikwa; jenga, kujengwa; ua, kuuawa. Basi. Kiambishi ‘ku-’ hakibebi wakati. Wakati tunaukisia kutokana na kitenzi kilichotangulia. “Daraja linatarajiwa kujengwa” inaeleweka kwa kuwa tunatarajia yajayo. “Alikana kulipwa” nayo haina shida kwa kuwa mtu hukana yaliyopita. Tatizo lipo katika vitenzi kama ‘hofiwa’, ambavyo hutazama pande zote mbili. Tunaweza kuhofia lililotokea na vilevile litakalotokea. Hapo ndipo shangazi alipokwama, na wala hakukosea.

Dawa yake ni kukiacha kitenzi-jina na kutumia kitenzi chenye kiambishi cha wakati: “Inahofiwa watu watano wameuawa” au “Inahofiwa watu watano watauawa.” Mhariri akilalamika kuwa nafasi ni finyu, basi aandike: “Huenda watu watano wameuawa.” Maneno ni manne vilevile!

Isitoshe, tuchunge tusiidondoshe ‘w’ ya kutendwa. “Wahofiwa kuuawa” ina maana kuwa wengine ndio wanaowahofia. “Wahofia kuuawa” ina maana kuwa wenyewe ndio wenye hofu, na mwenye hofu yu hai.

Kwa upande mwingine, si kila kitenzi-jina cha kutendwa cha Kiingereza kinachodai kauli ya kutendwa katika Kiswahili. Mwanafunzi anayeambiwa atafsiri “clothes to be washed” hukimbilia “nguo za kufuliwa”. Mswahili husema nguo za kufua, kama asemavyo maji ya kunywa, kazi ya kufanya na nyumba ya kupanga. Hakuna anayedhani kuwa nguo ndizo zitakazofua. Katika muundo huu, kihusishi ‘-a’ kikifuatwa na kitenzi-jina hutosha kueleza kusudi la kitu.

Kwa hivyo, kabla ya kutafsiri “to be” au “to have been”, tujiulize kwanza: je, tendo limekwisha au bado? Kuna mama anayesubiri jibu hilo.