Siri za Ofisi Katika Nyumba ya Kilwa Masoko

Tarihi ya wafalme wa Kilwa imetufikia kwa fadhila ya nakala. Moja ilitumiwa na Mreno João de Barros katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1552. Nyingine, ya Kiarabu, ilinakiliwa Unguja mwaka 1877 na imehifadhiwa London. Maandiko ya asili yamepotea.

Karani wa hesabu afanyaye kazi nyumbani kwake Kilwa Masoko, kwa ajili ya kampuni iliyoko Dar es Salaam, yumo katika hatari iyo hiyo, na ya pili juu yake: kila nakala anayoiongeza ni mlango mwingine wa kuipitishia siri.

Mei 2024 ilizidhihirisha hatari zote mbili. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam na Lindi. Siku nane baadaye nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, intaneti ikazorota nchini kote. Katika saa kama hizo mfanyakazi mwaminifu huvunja kanuni pasipo nia mbaya: huomba mtandao wa jirani, au hutia orodha ya mishahara katika flashi na kumkabidhi dereva wa basi.

Kinga ya kwanza ni usimbaji, yaani kuyageuza maandishi kwa hesabu yawe fumbo lifunguliwalo kwa ufunguo wake tu. Kompyuta ikiyasimba kabla hayajatoka nyumbani, mtambo wa jirani hupitisha fumbo tupu. Diski nayo ikiwa imesimbwa, mwizi hupata chuma, hapati hesabu.

Lakini ufunguo huo hulindwa na neno la siri. Herufi ndogo 8 zilizochaguliwa kwa kubahatisha hutoa michanganyiko ipatayo bilioni 209. Ukiongeza herufi 4 tu, idadi hiyo huzidishwa mara 456,976. Hesabu hii haimsaidii aliyetumia jina la mwanawe wa kwanza, kwani mtaa mzima walijua!

Kwa maoni yangu, mdukuzi wa ng'ambo anaogopwa kupita kiasi. Mpwa anayeazima kompyuta ya kazi ili atazame mpira aogopwe zaidi. Hali kadhalika ujumbe wa ghafla unaodai kutoka kwa mkubwa wa kazi, ndugu wa ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ujibiwe kwa kumpigia mkubwa huyo kwa namba unayoijua tangu zamani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haiiondolei kampuni wajibu wake kwa sababu karani yuko nyumbani. Basi yafaa nakala moja iliyosimbwa ikae Kilwa, ya pili mbali na mafuriko ya Kilwa. Kila mwezi nakala hizo zijaribiwe kufunguliwa katika kompyuta nyingine. Neno la kuzifungulia liandikwe katika karatasi, litiwe katika sefu ya ofisi. Lisiwekwe katika mkoba wa kompyuta.