Mshonaji Hupima Kwanza

Juzi nilisimama foleni kutwa nzima katika ofisi ya chama chetu cha ushirika, nikisubiri malipo ya maziwa. Karani alikuwa na tarakilishi mpya mbele yake, ilhali hesabu alizifanya katika daftari kuukuu. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba programu waliyouziwa haijui kukata mkopo wa lishe wala malipo ya awali ambayo wafugaji huchukua kila juma. Je, alishauriwa kabla ya kununuliwa? La hasha!

Msomaji mwenzangu, mshonaji hodari hashiki mkasi kabla ya kushika futi. Usanifu wa programu ni kama ramani ya nyumba. Rangi yaweza kubadilishwa kesho, lakini ukuta ukishasimama mahali pasipofaa, kuubomoa ni gharama.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio mwaka wa 2005, ilikusudiwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo yao. Wakopaji hao wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Wasanifu hawakuwakemea, bali waliwatazama wakajifunza. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikokuwa kiini chake. Isitoshe, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa na simu za bei nafuu, menyu yake iliwekwa ndani ya kadi ya simu. Haja ilitangulia, usanifu ukafuata.

Wapo wanaodai kwamba mtumiaji hajui atakalo, hivyo aachiwe mtaalamu aamue. Naam, karani wetu hajui yaliyomo ndani ya mashine. Hata hivyo, kazi yake anaijua kuliko mtaalamu yeyote.

Kwa hivyo nawasihi viongozi wa vyama: kabla ya kutia sahihi hundi, mwacheni msanifu aketi na karani siku ya malipo. Kila haja iandikwe, na kando yake ionyeshwe sehemu ya programu itakayoitimiza. Haja isiyo na sehemu ni pengo, na sehemu isiyo na haja ni fedha za wanachama zilizomwagwa.

Malipo yangu niliyapata magharibi, yakiwa pungufu kwa shilingi 200. Daftari lilikosea, na tarakilishi ikawa shahidi tu.